Mashua ya Kiti Kimoja

Mke mwenza wa Jemutai aliletwa nyumbani vipande vipande, ubao baada ya ubao, juu ya gari la kukokotwa na ng'ombe. Ndivyo majirani walivyoiita ile mashua, mke mwenza, na Jemutai aliwaacha wacheke, maana hata yeye angecheka kama ingekuwa inajengwa kwenye ua wa mtu mwingine. Mashua Eldoret! Mji wa ngano na baridi, ambako maji makubwa kuliko yote ni mto Sosiani, na Sosiani wenyewe ng'ombe huuvuka tumbo likiwa kavu. Watu waliokuwa wakipeleka maziwa mjini kutoka Kapseret walisimama uani, wakatua mizigo, wakauliza kama Nuhu ameagiza safina nyingine na kama kutakuwa na nafasi ya mbuzi.

Murunga, mumewe, hakuwajibu. Alikuwa na misumari mdomoni, na mtu mwenye misumari mdomoni ana udhuru wa kutosha.

Kwao kulikuwa Bunyala, pale mto Nzoia unapomwaga maji yake ziwani. Alikuja Eldoret akiwa kijana, siku ambazo mji huo wengi waliuita Sisibo, akaajiriwa na Kaburu mmoja aliyetengeneza magari ya ng'ombe. Alijifunza kazi mpaka ikasemwa kwamba gari la Murunga hubeba ngano hadi stesheni bila kudondosha punje. Halafu yakaja malori. Kaburu akafunga karakana, na kwa kuwa alikuwa na haki kidogo, akamwachia fundi wake mbao za mtarakwa zilizobaki pamoja na gari la mwisho, ambalo hakuna mtu aliyekuja kulichukua.

Karakana ilimwachia kitu kingine pia, nacho ni kikohozi. Vumbi la mbao lilikuwa limeweka makao kifuani mwake, na kila Julai, ukungu unapolala juu ya mashamba na majani yanapokuwa meupe kwa baridi, kifua kiliziba kabisa. Jemutai alikuwa akilala na mkono wake juu ya mgongo wa mumewe ili ajue kama bado anapumua. Daktari hakuzungukazunguka. Alisema kifua hiki kinataka joto, na kwamba Julai nyingine ya hapa juu huenda isimwache.

Kurudi Bunyala hakukuwezekana. Nzoia ilikuwa imefurika ikala shamba la baba yake, na ndugu wakatawanyika kila mmoja na lake. Aliyekuwa na mahali pa kumpokea ni Paul, mdogo wake, mchochea moto katika garimoshi la mizigo, ambaye alikuwa amejenga nyumba karibu na Kilindini, mahali ambapo bahari imepenyeza mkono wake ndani ya nchi kavu. Paul alipita Eldoret Jumapili moja, macho mekundu kwa moshi, akasema joto la kule lingeweza kuanika mahindi usiku. Mtu angevua samaki mbele ya mlango wake na kifua kingekauka chenyewe.

"Nitajenga mashua, garimoshi itaibeba," Murunga akasema papo hapo.

"Kaka, kule mashua iko mingi. Chagua moja tu ununue."

"Mashua ya mtu mwingine? Wewe umesahau kwetu?"

Kwao, mashua hainunuliwi kwa mgeni. Atakayeketi ndani yake ndiye anayeijenga, au angalau anakuwepo kila msumari unapoingia, na siku ya kushushwa majini hupokewa kwa nyimbo na vigelegele kama bibi arusi. Murunga alifanya kosa la kuwasimulia majirani jambo hilo, na ndipo lilipotoka lile la mke mwenza.

Paul aliinua bakuli lake la uji, akanywa, akakumbuka kitu.

"Lakini kaka, kuna jambo moja. Hiyo maji ya kule inaenda na kurudi."

"Inaenda wapi?"

"Inaenda tu. Asubuhi unaiona hapa kwa mlango. Mchana ukiangalia, ni matope na kaa peke yake. Baadaye inarudi tena."

Murunga alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamfanya ashike ukuta. Alipopata sauti alisema, "Paul, wewe ni mtu wa moto. Mambo ya maji niachie mimi. Ziwa yetu imekula watu wengi, lakini haijawahi kwenda safari."

Paul hakubishana. Alikuwa mdogo, na mdogo hamfundishi mkubwa wake maji. Lakini Jemutai, aliyekuwa akimimina uji, aliamini neno lile mara moja. Hakuwa na sababu ya kutoliamini. Alizaliwa Kesses, katikati ya ng'ombe, na maji aliyoyajua ni yale ya kuchota. Kama mtu angemwambia bahari hupanda mlima siku ya soko, angeuliza tu hupanda saa ngapi.

Basi mashua ikaanza kupata umbo. Murunga aliijenga kama zile za ziwani alikokulia, nyembamba, ndefu, yenye pua iliyoinuka, na chini yake akapitisha mkuku, ule mti mrefu unaokaa kama uti wa mgongo upande wa nje na kukata maji ili upepo usiisukume mashua kando. Alikuwa na raha ambayo Jemutai hakuwa ameiona tangu karakana ifungwe. Aliimba. Aliziba nafasi za mbao kwa katani na grisi ya magurudumu. Jioni alikuwa akizunguka ile mashua na kuipapasa ubavu, na Jemutai, akiwa mlangoni na kibuyu cha maziwa, alikuwa akijiambia kwamba kweli majirani wana macho.

Siku moja alimpelekea uji uani na kuitazama kwa makini. Ilikuwa na ubao mmoja wa kukalia. Mmoja tu, tena mfupi, wa makalio ya mtu mmoja.

"Na mimi nitakaa wapi?"

Murunga aliinamia kazi. "Hii ni mashua ya kuvua, Mama Nekoye. Si ya kutembea."

Nekoye alikuwa binti yao wa pekee, aliyeolewa huko huko Kesses. Murunga alimwita mkewe kwa jina hilo siku zote, lakini safari hii alilisema bila kuinua macho, na Jemutai akaondoka na bakuli. Alitaka jambo moja tu duniani, mumewe apone na yeye awe kando yake anapopona. Mashua ile ilikuwa na nafasi ya nusu tu ya jambo hilo.

Ni lazima isemwe hapa habari ya samaki, maana bila hiyo mtu atamwona Murunga mbaya, na hakuwa mbaya.

Mama yake Jemutai alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja, kwamba samaki na maziwa havilali chini ya paa moja. Nyumba iliyoingiza samaki, alisema, ng'ombe wake hukauka chuchu. Kijana wa ziwani alipokuja kumtaka binti yake, mzee wa kike alimtazama kutoka unyayo hadi utosi na kumwuliza kama amesikia sheria hiyo. Murunga, aliyelelewa kwa samaki tangu kuachishwa ziwa la mama, alikula yamini. Na alitimiza. Miaka yote ya ndoa yao hakuna hata mwiba mmoja wa samaki uliovuka kizingiti. Mama mkwe alikufa, na bado hakuna mwiba.

Isipokuwa kila Ijumaa jioni Murunga alikwenda kufanya mazoezi ya nyimbo za kanisa nyumbani kwa Nyongesa, nyuma ya stesheni. Mke wa Nyongesa, Rosebella, aliuza samaki wakavu walioletwa na garimoshi kutoka ziwani. Murunga alirudi mazoezini akitafuna majani ya kusafisha kinywa, akitembea kwa uangalifu wa mtu aliyeshiba, na wimbo aliokuwa akijifunza ulikuwa ule ule mwaka hadi mwaka. Jemutai alijitia hamnazo. Mwanamke gani asiyejua harufu ya nguo anazozifua? Alijua pia kwamba mume wake alikuwa akila chakula cha kwao kama mwizi, kwa ajili yake, na katika ndoa nzima hakulalamika hata mara moja. Kwa hilo alimpenda kuliko alivyoweza kusema.

Neno la Paul lilikuwa halijamtoka kichwani. Kila alipoutazama ule mkuku, aliwaza kitu kilichojengwa hivyo kitasimama vipi maji yakienda. Yeye alijua vitu vinavyowekwa chini. Chungu chenye kitako cha mviringo hukiweki mezani, utakiona sakafuni. Lakini kumwambia Murunga habari ya maji ilikuwa kama kumfundisha samaki kuogelea. Alihitaji maji yenyewe yaseme.

Chini ya mji, kwenye Sosiani, mzungu mmoja alikuwa na kinu cha kusagia ngano kilichoendeshwa kwa maji. Juu ya kinu kulikuwa na bwawa lenye lango la mbao, na mtunza lango alikuwa Kimeli, mtoto wa mama yake mdogo Jemutai. Kila Jumamosi kinu kilipolala, Kimeli alifungua lango kutoa matope. Bwawa lilishuka hadi likabaki tope tupu, kisha akalifunga, na mto ukalijaza tena taratibu. Jemutai alijifunga kibwebwe, akashuka mtoni.

"Dada, unataka nifungue maji shemeji akiwa ndani?" Kimeli alishika kiuno. "Mzungu akiuliza?"

"Wewe si unasafisha bwawa?"

"Nasafisha."

"Basi sema unasafisha."

Kimeli alicheka, akakubali. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu asiyeweza kukaa na neno, akaongeza, "Hata mimi nilikuwa nakuja kwako. Ile zizi yako mpya nitaanza wiki ijayo. Shemeji aliniambia nitafute miti migumu, ndio ukibaki peke yako usisumbuke."

"Nikibaki?"

Kimeli aliona uso wake, akafunga mdomo, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Jemutai alipanda kilima polepole. Kwa hiyo hakukuwa na kusahau katika ule ubao mmoja. Alikuwa ameachwa tayari, kwa upendo, kwa mpango mzuri, kwa miti migumu. Alilia njiani, akaona afadhali alie huko kuliko nyumbani, na alipofika alikuwa amejifuta na akapika.

Jumamosi ile mashua ilipakiwa juu ya lile gari la mwisho, ikashushwa bwawani. Majirani walikuja wote, wengine na watoto mgongoni. Rosebella alipiga vigelegele kama ilivyo desturi ya ziwani, na Murunga akaingia, akaketi kwenye ubao wake mmoja, akachukua kafi na kusukuma.

Hapo Jemutai alisahau hasira yake kwa kitambo. Huyu hakuwa yule fundi mwenye kikohozi. Mgongo wake ulinyooka. Kafi iliingia majini bila sauti, mashua ikapinda alipotaka ipinde, na usoni mwake alikuwa kijana ambaye Jemutai hakuwahi kukutana naye, yule wa kabla ya Eldoret. Alimpenda upya, akasimama pale ukingoni na moyo ukimdunda kama msichana. Kisha akainua leso yake juu, kama walivyopatana, na Kimeli akafungua lango.

Murunga hakutambua. Macho yake yalikuwa juu, kwa watu. Maji yalianza kuondoka ukingoni, yakaacha ukanda wa tope, ukanda ukapanuka, na wakati alipotazama chini, mkuku ulikuwa umegusa. Mashua ilisimama. Alisukuma kwa kafi, kafi ikazama matopeni. Mashua ikaegemea kushoto kidogo. Murunga akaegemea kulia. Mashua ikafikiri, ikaegemea kulia. Kwa muda akawa anaiyumbisha na kuituliza kama mtu aliyepanda punda asiyemjua, watu wakishika mbavu kwa kicheko. Kisha maji yakaisha chini yake, na mke mwenza akalala ubavu na kummwaga bwana arusi usoni kwenye tope.

Kicheko kilikatika alipoanza kukohoa. Alikohoa akiwa amepiga magoti, hawezi kusimama, na kila alipojaribu tope lilimvuta. Jemutai hakumngoja mtu. Yeye aliyeogopa maji yanayozidi kifundo cha mguu aliingia hadi mapajani, akamshika chini ya makwapa, wakatoka hivyo, wakitambaa.

Ukingoni alimfunika kwa blanketi. Murunga alitazama lango, akamtazama Kimeli, akamtazama mkewe.

"Ni wewe ulimwambia afungue?"

"Ni mimi."

"Mbele ya watu wote?"

"Bora hapa mbele ya watu, kuliko kule ukiwa peke yako."

Hakumsemesha njiani. Hakumsemesha siku iliyofuata, wala baada ya kanisa. Jemutai alijua kwamba amemvunjia heshima, akaumia, lakini hakujuta. Usiku alipoweka mkono wake mgongoni pake, Murunga hakuuondoa, na hilo lilimpa nguvu ya kusema asubuhi, wakiwa wamekaa jikoni.

"Kimeli aliniambia pia habari ya zizi."

Murunga alisukuma kuni motoni. "Nilitaka kukuambia."

"Lini? Nikiwa stesheni napunga mkono?"

"Mama Nekoye, kule hakuna ng'ombe. Sikiliza. Kule ni samaki asubuhi, samaki mchana, samaki jioni. Mimi nitakuwa nanuka samaki mpaka kwa nywele. Wewe utakunywa nini? Utaongea na nani? Mimi naenda kule kutafuta kifua. Nisikuue wewe ndio mimi nipone." Alielekeza kidevu uani. "Nimekuona ukiongea na hiyo ng'ombe yako. Siwezi kukutoa kwake."

Jemutai alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na sasa hakuwa na mahali pa kuuweka. Alichochea moto. Alitaka kumwambia kwamba yeye huongea na ng'ombe kwa sababu ng'ombe haendi mazoezini Ijumaa, lakini alijizuia. Kuna maneno ambayo mtu akiyasema hayaaminiwi, ni lazima yaonekane.

"Hori ya chumvi," akasema badala yake.

"Nini?"

"Hori ya chumvi ya ng'ombe kule Kesses. Fahali wanaisukuma, wanaipanda, kila siku. Haijaanguka. Chini yake imelala."

Murunga akainuka, akatoka nje. Kesho yake asubuhi Jemutai aliamshwa na msumeno. Murunga alikuwa amepanda juu ya lile gari la mwisho la Kaburu, lile ambalo aliliosha kila mwezi kama farasi wa mfalme, na alikuwa akiling'oa magurudumu.

Sakafu ya gari ikawa sakafu ya mashua. Ilikuwa pana, bapa, ya mbao ngumu zilizokwisha kubeba ngano ya nusu ya uwanda. Aliinua kuta fupi pande zote, akainua pua kidogo mbele, akaacha mkuku kabisa. Haikuwa nzuri. Murunga mwenyewe alisema kwamba mtu wa Bunyala akiiona atamwuliza ni ya kuoshea watoto. Lakini sasa alikuwa akiuliza maswali. Paul alipopita tena na mizigo yake, kaka yake alimkalisha chini na kumhoji maji yanaenda umbali gani, yanaacha mchanga au tope, na wale watu wa kule mashua zao tumbo likoje. Paul alijibu kwa adabu kubwa, na aliporudi stesheni alikuwa akitabasamu peke yake.

Jemutai alingoja mpaka siku ya kuweka viti. Alitoka nje akijifanya anaanika nguo. Ubao wa kukalia ulikuwa mmoja.

Alimaliza kuanika nguo, akaingia ndani, akakaa kitandani, akapiga moyo konde. Katikati ya juma alimfungua ng'ombe wake, yule mwekundu mwenye doa usoni, akaaga kwamba anakwenda kumwona Nekoye. Murunga alikuwa na lami mikononi na alidhani ng'ombe anapelekwa kwa fahali. Njia ya Kesses ni ndefu, na Jemutai aliongea na ng'ombe huyo njia nzima, akamweleza yote. Alipofika alimkamua kwa mara ya mwisho, akajaza kibuyu, akamkabidhi binti yake kamba. Nekoye alilia. Jemutai alimwambia aache kulia, ng'ombe hapendi. Alirudi kesho yake jioni na kibuyu mgongoni, na alipomwambia mumewe kwamba ng'ombe amebaki huko kidogo, Murunga alisema vema, bila kuuliza zaidi.

Ijumaa, Murunga alipokuwa amekwenda mazoezini na kurudi, Rosebella alipata mgeni mwingine mlangoni.

"Mama Nekoye? Wewe? Kwangu?"

"Nifungie samaki mmoja. Ule mzuri. Ule ambao yeye anapenda."

Rosebella alimwangalia, haya ya miaka yote ikimpanda usoni. "Dada, nisamehe, sisi hatukutaka..."

"Funga samaki, Rosebella. Na uniambie inaliwa kuanzia wapi."

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko mara ya kwanza, maana waliokosa kuona Murunga akianguka walitaka nafasi yao. Mashua pana ilibebwa mabegani, ikashushwa bwawani. Ilikaa juu ya maji kama sinia. Murunga aliingia, akakaa kwenye ubao wake, akageuka kuchukua kafi, na akamwona mkewe akishuka ukingoni na kikapu mkono mmoja na kigoda chake cha kukamulia mkono wa pili. Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, kilichong'aa kwa kukaliwa, ambacho mama yake alimpa siku alipoolewa.

"Mama Nekoye, ngoja, utaanguka."

Alishika ukuta wa mashua, akafumba macho, akaingia. Mashua iliyumba mara moja, ikatulia. Jemutai alikiweka kigoda chini, katikati, na kikasimama. Pale palikuwa sakafu ya gari, na sakafu ya gari haina shida na kigoda. Akakaa. Akafumbata mikono mapajani.

"Sukuma," akasema.

Murunga akasukuma. Walipofika katikati Jemutai aliinua leso, na safari hii mumewe aliona, akacheka kidogo. Lango likafunguka. Maji yakaanza kwenda. Yalikwenda bila haraka, kama mgeni aliyeshiba, na mashua ikashuka nayo, ikashuka, mpaka waliposikia chini yao sauti ndogo ya tope likipokea mbao. Wakangoja ianguke. Haikuanguka. Maji yalipokwisha yote walikuwa wameketi katikati ya uwanja wa tope linalong'aa, wima kama watu walio sebuleni kwao. Ukingoni walioalikwa na tamaa yao walisubiri, wakachoka, wakaanza kwenda nyumbani.

"Imekaa," Murunga akasema kwa sauti ya chini. "Kweli imekaa." Kisha, "Sasa tunafanya nini?"

"Paul alisema inarudi. Tunangoja."

Alivuta kikapu. Akatoa kibuyu, akamimina maziwa kwenye kikombe, yale mazito ya siku kadhaa yenye rangi ya mkaa uliopakwa ndani ya kibuyu, akampa. Murunga akanywa, akakatisha katikati ya kunywa.

"Ng'ombe yako atarudi lini?"

"Harudi. Ni ya Nekoye sasa. Hiyo unayokunywa ndiyo maziwa yake ya mwisho kwangu."

Murunga alishusha kikombe. Jemutai hakumpa nafasi. Alitoa kifurushi cha majani makavu ya mgomba, akakifungua juu ya magoti yake, na harufu ikajaa mashua yote, harufu ya kila Ijumaa. Akamweka samaki kando ya kibuyu.

Murunga alitazama samaki, akatazama maziwa, akamtazama mkewe.

"Mama yako alisema..." Akashindwa. "Chini ya paa moja, Mama Nekoye. Mimi nilikula kiapo."

Jemutai aliinua uso, akatazama juu kulia, akatazama juu kushoto.

"Wewe unaona paa wapi?"

Alimega kipande karibu na mkia, kama Rosebella alivyomwelekeza, akakitia mdomoni. Kilikuwa kikavu na cha chumvi na kilikuwa na ladha ya moshi wa nyumba ya watu wengine. Hakukipenda. Alikitafuna mpaka mwisho, akakimeza, macho yakimtoka machozi, akamega kingine akampa mume wake. Murunga alikipokea kwa mikono miwili. Alikuwa akilia waziwazi, fundi mzima, na hakukohoa.

Kutoka langoni Kimeli alipiga kelele. "Shemeji! Nifunge? Maji irudi?"

"Wacha kwanza!" Murunga akajibu.

Walikula wakamaliza. Tope lilikuwa limeanza kukauka juu juu, na ndege weupe walishuka kutafuta wadudu karibu kabisa na mashua, kana kwamba hawaoni mtu. Murunga alijifuta mikono. Akainama, akashika mguu wa kigoda, akakitikisa polepole kupima kinavyosimama, kama alivyokuwa akipima magurudumu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa misumari.

"Hii kigoda," akasema bila kumtazama, "niipigilie hapa?"

Jemutai alikishika kigoda cha mama yake kwa mikono yote miwili. Hakuna ng'ombe ambaye angekamuliwa tena kutoka juu yake.

"Pigilia," akasema. "Tumia ile mirefu."